Ukakasi wa Chai

Kikombe changu cha bati kilikuwa cheupe siku nilipokinunua. Miaka ishirini baadaye, ndani yake kulikuwa na utando mweusi uliong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, na mimi nikijivunia utando ule kuliko wenzangu wanavyojivunia vyeti vyao vya ndoa. Nilikuwa nikiuonyesha kwa wageni. "Tazameni," nawaambia, "hapa ndipo inapolala chai yenye heshima. Chai isiyoacha alama kikombeni ni maji yaliyopita karibu na majani."

Watu walicheka, wakanyoosha vikombe vyao, nikamimina.

Nyumba yangu ipo Kawajense, ukishuka kidogo kutoka mashine ya kusaga, na haijapata kukosa watu. Anayetoka kisimani anapita. Anayekwenda kusaga anapita. Aliyegombana na mumewe ndiyo kabisa, huyo anaanzia kwangu kabla hajafika kwa mjumbe. Kwangu mgeni haulizwi kama atakunywa. Anaulizwa ameyasikia mapya yapi. Birika liko jikoni tangu alfajiri, limejaa majani kiasi kwamba ifikapo mchana chai inashuka nzito, nyekundu iliyokolea, na ukiimeza ulimi unajikunja kama ngozi iliyoanikwa. Ule ukakasi ndio watu walioufuata. "Chai ya Marsela inakushika," walisema. Nami nikadhani wananisifu tu.

Katika nyumba hiyo ndimo mwanangu Krispini alimoleta mke wake, Dina, binti wa Ikola, mtoto wa kina mama wanaoanika dagaa ufukweni. Krispini ana kazi yake hifadhini, anakaa Sitalike, anarudi mwisho wa mwezi. Dina akabaki na mimi. Ni msichana mpole, wa kuitika mara moja na kuondoka, na sisi wasemaji watu wa namna hiyo hutupa tabu. Huwezi kujua anakuheshimu au anakuhesabu makosa.

Alikuwa na kitabia kimoja tu kilichonikera. Kila akikaa kula, awe na dagaa, maharage au matembele, lazima akamulie ndimu. Nikamwambia mbele za watu, "Mwanangu, ndimu kwetu ni ya mwenye mafua. Au chakula changu kinanuka?" Scola, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akacheka hadi akapaliwa. Kuanzia siku ile Dina hakuigusa ndimu tena. Nami nikahesabu huo kuwa ushindi.

Alipopata mimba nilifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Nilimsindikiza kliniki mwenyewe. Muuguzi Bibiana alimtoboa kidole, akatuambia damu ni tisa na nukta mbili, si ya kutisha, ila ipande. Akampa vidonge vya kuongeza damu. Akasema, na nilisikia, kwa sababu masikio yangu hayakosi neno hata nikiwa nazungumza na watu watatu kwa pamoja: "Meza na maji."

Nyumbani Dina akachota maji. Nikamwondolea kikombe mkononi.

"Maji matupu kwa kidonge chenye harufu ya msumari? Utatapika hadi utumbo. Meza na chai."

"Muuguzi amesema maji, Mama."

"Muuguzi amekuzalia mume?"

Akanywa chai.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi baada ya kiporo cha maharage nilimwekea kidonge kwenye kisosi na kando yake kikombe cha chai ya kwanza ya birika, kali tangu alfajiri. Nilimsimamia. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka, nikamwambia afumbue mdomo kama mtoto mdogo, nikachungulia chini ya ulimi. Sikumwamini, lakini nilikuwa na hakika. Shikeni neno hilo: nilikuwa na hakika. Kidonge kilishuka kila siku, mbele ya macho yangu haya mawili.

Mwezi wa sita wa mimba, damu ilikuwa nane na nukta moja.

Bibiana aliirudia kupima. Akamtazama Dina machoni, akavuta kope ya chini, ilikuwa nyeupe kama ukoko wa ugali. "Unameza?"

"Nameza."

"Na nini?"

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Dina akatazama sakafu. "Na maji," akasema.

Nilimsikia. Nikajisemea kimoyomoyo kwamba huyu mtoto ana akili, anajua kutunza siri za nyumba. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Bibiana akaweka kalamu chini. "Mama, sikiliza na wewe. Huyu akijifungua kwa damu hii, akivuja kidogo tu, tutakuwa tunaikimbilia roho yake. Kuna wiki kumi na tatu hivi mbele yetu. Damu hii ipande."

Njiani Dina alipumzika mara tatu. Mara ya tatu alikaa kwenye jiwe la mlango wa mtu tusiyemjua, mkono kifuani, mdomo wazi. Nikamwambia ajikaze, mimi nilizaa wanne nikilima.

Jioni ile baraza lilijaa. Habari ilikuwa imetutangulia, kama kawaida ya habari zetu. Scola akachovya andazi, akalitazama linavyolegea, akasema bila kuniangalia:

"Mama Krispini, nasikia mkamwana wako damu imeshuka. Kwani humlishi?"

Watu wakacheka. Faudhia, ambaye ana huruma hata akiwa anasengenya, akasema, "Jamani Scola, mwache mwenzio." Lakini naye alikuwa anasubiri jibu. Wote walikuwa wanasubiri. Baraza langu mwenyewe, vikombe vyangu mikononi mwao, na macho yao yalikuwa yamegeuka kunitazama mimi, mimi niliyezoea kutazama wengine.

"Nimlishe nini tena?" nikasema. "Mtoto anapewa kidonge, anatema."

Ni maneno manne. Hata chai haikupoa wakati nayasema. Yalitoka laini, kama yalikuwa yamekaa tayari chini ya ulimi wangu, pale pale nilipokuwa nikichungulia kwa Dina.

"Eee!" wakasema wote, na nikahisi uzito ukinishuka mabegani na kumwendea mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa jikoni, hatua nane kutoka pale, akichambua mchele.

Neno la barazani halikai barazani. Nimekuwa mwenyeji wa maneno maisha yangu yote, nayajua yanavyotembea. Kufika sokoni, vidonge vilikuwa vimetupwa chooni pakiti nzima. Kufika Makanyagio, Dina alikuwa anakula udongo badala ya chakula. Siku ya nne likapanda bodaboda likafika Sitalike, na huko likawa hivi: mkeo hataki mtoto wako.

Simu ikaita mchana. Dina aliipokelea kando ya pipa la maji. Nilimsikia akisema, "Hapana. Hapana, Krispini." Kisha, "Muulize mama. Mama ananiona kila siku." Akaniletea simu kwa mikono miwili, kama anavyonipa kila kitu, na macho yake yalikuwa na tumaini ambalo sikulistahili.

"Mama, eti ni kweli?" akauliza mwanangu.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja, hapana, na lingeisha. Lakini hapana hiyo ingerudi barazani na kuuliza: kama si yeye aliyedanganya, ni nani?

"Mwanangu," nikasema, "mambo ya wanawake hayo, utayajulia wapi? Niachie, nitazungumza naye."

Nikarudisha simu. Dina aliipokea, akanitazama kidogo, akaenda kuendelea na kazi yake. Tangu siku ile alinihudumia vilevile, maji ya kuoga, chakula, mkeka. Ila neno "Mama" liling'oka mdomoni mwake kama jino, na pengo lake nililisikia kila aliponiitikia.

Kisha maneno yangu yakanirudia kwa mguu. Yalifika hadi kliniki, na Bibiana, badala ya kuyaongezea chumvi kama sisi, akaja kuyauliza.

Alipiga hodi saa nne asubuhi. Nilimkaribisha kwa vifijo, nikampa kigoda kizuri, nikamimina kikombe kabla hajakaa. Scola alikuwepo, angekosaje.

"Nimesikia Dina anatema vidonge," Bibiana akasema. "Nimekuja kumwona yeye, sikuja kwa maneno."

Nilimwita Dina haraka. Nilitaka muuguzi aone jinsi nilivyo mlezi. Nikaweka kisosi, nikaweka kidonge, nikamimina chai ile ile hadi ukingoni, na nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Meza mwanangu, muuguzi akuone."

Dina akachukua kidonge. Bibiana akamshika mkono.

"Subiri kwanza. Kila siku ni hivi?"

Akakivuta kikombe, akainusa chai.

"Mama, nipe kikombe cheupe."

Nikampa cha kauri, cha wageni wakubwa. Akamimina humo chai kidogo, nyekundu, nzuri, ile niliyoisifu miaka yote. Akasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakorogea unga wake. Tukainama wote. Chai ikaanza kuchafuka kuanzia chini, ikawa kahawia, ikawa ya kijivu, kisha ikawa nyeusi. Nyeusi tititi kama wino.

"Mungu wangu," Scola akasema.

"Si uchawi," Bibiana akasema. "Ule ukakasi unaoushika ulimi una kitu chake ndani ya majani. Kikikutana na madini ya chuma kinayakamata, yanashikana hivi, na mwili hauwezi kuyachukua. Yanapita tu. Ya kidonge yanapita, ya maharage yanapita, ya matembele yanapita. Sisemi chai ndiyo iliyomaliza damu yake peke yake. Malaria hana, minyoo tulimpa dawa, mimba nayo inanyonya. Ila kumpa kidonge na chai hii ni kujaza ndoo iliyotoboka."

Nilikuwa nikikiangalia kikombe, lakini nilichokiona ni mtungi wa baba yangu. Baba alikuwa Mkonongo wa porini hasa. Aliloweka ngozi za mbuzi kwenye maji ya magome, wiki baada ya wiki, hadi ngozi laini ikakaza na maji hayapiti tena. Sisi watoto tuliyaonja maji yale kwa utundu, tukatema. Ulimi ulikazana vilevile. Na panga alilochongea magome liligeuka jeusi, rangi hii hii. Nilikuwa nimelijua jambo hili tangu nina miaka saba. Halikuwa na jina tu.

Bibiana akamgeukia Dina, na sauti yake ikashuka. "Uliniambia unameza na maji."

Dina alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Mama alikuwa amekaa pale," akasema. "Sikutaka aonekane vibaya."

Scola akatazama mlima usiokuwepo. Mimi sikuwa na pa kutazama. Kibanda changu chote, na vigoda vyake, na watu wake wa miaka yote, kilikuwa kidogo kama kisosi.

Bibiana akaacha maagizo: kidonge na maji, na ndimu ikamuliwe kwenye chakula, ndiyo inayosaidia. Chai isikaribie chakula wala kidonge, ikae mbali kwa saa mbili. Alipotaja ndimu, Dina hakunitazama. Heri angenitazama.

Kuanzia kesho yake nilifanya yote. Nilinunua ndimu, nilimchotea maji, niliweka birika mbali na chakula chake. Nilimtafutia maini, nikamchemshia dagaa wa kwao. Nilifanya yote isipokuwa lile moja. Kila jioni watu walikuja, kila jioni nikafumbua mdomo, na kila jioni nikatoa habari ya mtu mwingine. Scola naye alikuwa ameiona chai ikigeuka nyeusi, lakini Scola husimulia kinachomnogea. Alisimulia wino. Hakusimulia aliyemimina.

Wiki ya sita tukarudi kliniki. Bibiana akatabasamu kabla hajasema. Tisa na nukta nane. "Bado, lakini sasa inakuja," akasema, na Dina akaweka viganja viwili tumboni, akacheka kidogo peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu simu ile.

Krispini alikuwa amerudi kwa mapumziko. Tulimkuta nyumbani, na nyumba imejaa, maana habari njema nazo hutaka wasikilizaji. Faudhia alikuja na wanawe. Scola alikaa pale pale pake. Dina alikuwa uani nyuma ya ukuta wa makuti, anaosha vyombo. Tulisikia majivu yakisugua bati, kwaru, kwaru.

"Tisa na nukta nane!" Scola akapiga makofi. "Si nilisema? Ameacha kutema, damu imepanda yenyewe."

"Ndiyo nilivyomwambia," Krispini akasema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekuwa na hofu. Akapaza sauti kuelekea uani. "Umeona sasa, Dina? Ukimeza, damu inapanda! Ulikuwa unatutesa bure."

Kule uani kusugua kukakoma.

Hilo sikulitegemea. Nilidhani damu ikipanda itamsafisha. Kumbe kila tone lililoongezeka mwilini mwake lilikuwa linathibitisha uongo wangu. Angezaa salama, angeitwa na kila mtu yule aliyetema dawa akatishwa akaacha. Mtoto angekua akisimuliwa.

Nilikuwa nimeshika birika. Faudhia amenyoosha kikombe. Nikalirudisha birika chini.

"Hakutema," nikasema.

"Nini?"

"Dina hakuwahi kutema kidonge hata kimoja. Nilimsimamia kila asubuhi. Nilimchungulia chini ya ulimi. Aliambiwa ameze na maji, mimi nikampa chai, na akanihifadhia heshima yangu mbele ya muuguzi. Na mimi hapa, nilipokaa hivi, nikasema anatema. Nilijua si kweli wakati naisema."

Mtoto wa Faudhia akauliza, "Bibi amesemaje?" Mama yake akamfunika mdomo.

Krispini alisimama. Mwanangu ni mrefu. Akisimama kwenye kibanda changu anaziba mwanga. "Nilikuuliza, Mama," akasema polepole. "Kwenye simu. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Alisubiri niongeze kitu. Mimi, Marsela, ambaye watu hufuata maneno kwangu kutoka kata tatu, sikuwa na la kuongeza. Akanipita, akaenda uani.

Baraza liliondoka kimyakimya. Sijawahi kuona watu wangu wakiondoka hivyo. Kwa kawaida kuagana kwetu kunachukua muda kuliko ziara yenyewe. Scola alifika mlangoni, akageuka. "Mama Krispini, hata ungenyamaza tu, lingepita," akasema. Alikuwa ananihurumia kwa kweli. Najua kesho yake alikuwa sokoni mapema. Safari hii sikuwa na neno la kumlaumu. Alikuwa amebeba jina langu, na alilibeba lilivyo.

Nilibaki na vikombe sita vya chai isiyonywewa. Kutoka uani nilisikia sauti ya Krispini, ya chini. Baadaye kusugua kukaanza tena.

Nilikwenda nikasimama kwenye pembe ya ukuta. Krispini alikuwa anamwagia maji bustani ya matembele, mgongo kwetu. Dina alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imepanuka kulipisha tumbo, na mkononi mwake kulikuwa na kikombe changu cha bati. Alikisugua kwa majivu na kipande cha gunia, taratibu, kidole gumba kikizunguka ndani.

"Kilikuwa cheupe, kumbe," akasema bila kuinua kichwa.

"Zamani."

Akakisuuza, akakielekeza kwenye mwanga. Nusu ya juu ilikuwa imetakata. Chini, pale kwenye kona ya kitako, pete nyeusi ilikuwa imebaki.

"Mbona hukusema siku ile ya simu?" akauliza.

Kuku alipita katikati yetu, akadonoa, akaenda zake. Dina aliinamisha mtungi, akajaza kikombe maji, akaninyooshea. Alitumia mkono mmoja. Wa pili ulikuwa tumboni, mahali ambapo kitu kilikuwa kimegonga kutoka ndani.

Nikachutama, nikapokea kwa miwili. Maji yalikuwa na ladha ya majivu kidogo. Niliyanywa yote.